Yule Mtu wa Diski ya Kwanza

Nyumbani kwetu Naro Moru tulikuwa na filamu moja. Si kwamba tulikosa nyingine za kuazima. Mjini Nyeri kulikuwa na maduka ya kukodisha kanda, na baba, aliyekuwa akifanya kazi Sagana na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, alituletea mara kwa mara kanda ya mieleka au ya Wachina wanaorukaruka juu ya mapaa. Tulizitazama, zikarudishwa, tukazisahau. Filamu yetu hasa ilikuwa moja, ya Kihindi, nzee hata wakati huo wa miaka ya tisini, na mwenyewe alikuwa nyanya.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke anayeuza chai katika stesheni ndogo ya gari moshi. Mtoto wake anapanda behewa akicheza, gari linaondoka naye, na mama anabaki pale pale stesheni miaka yote, anauza chai na kuangalia kila anayeshuka. Katikati kuna nyimbo, kesi mahakamani, nyoka mmoja na shangazi mwenye roho mbaya. Mwishowe mtoto anarudi akiwa ndiye dereva wa gari moshi. Nyanya alipokuwa kijana aliwahi kuuza mayai na viazi vya kuchemsha kwa abiria wa gari moshi la Nanyuki, kwa hiyo huyo mama wa chai alimhesabu kuwa mfanyabiashara mwenzake, na hakusita kumkosoa.

"Angalia vikombe vyake vile vidogo," alikuwa akisema. "Mimi ningepatia mtu chai kidogo hivyo, angenirushia kikombe kutoka kwa dirisha."

Kihindi hakukuwa na anayekijua. Maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha yalikuwa yamefifia hata mwalimu angeshindwa kuyasoma. Kwa hiyo nyanya ndiye aliyesimulia. Alisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu majirani waliokuja na vigoda vyao walikuwa wengine watu wa Meru na Embu waliofuata kazi za mashamba kando ya barabara, na yeye hakutaka mtu aondoke kwake na hadithi nusu. Alikaa karibu na kioo cha televisheni, shuka magotini, na daima alikuwa mbele ya picha kidogo. Alisema, "Sasa shangazi anaingia," na shangazi akaingia. Alisema, "Sasa huyu atalia," na yule akalia. Wageni waliokuja mara ya kwanza waliniuliza kando kama nyanya aliwahi kuishi Bombei.

Mimi ndiye niliyekaa karibu naye zaidi, na sababu ni jina. Mimi ni binti wa kwanza wa baba yangu, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Basi nyanya na mimi tuna jina moja, na kwake hilo halikuwa jambo la kuandikwa kwenye cheti tu. Aliniita "jina langu." Nikifaulu mtihani alipokea pongezi. Nikikohoa alikunywa dawa. Nilipoanza kazi ya kuuza nyuzi, vifungo na zipu katika duka moja mjini Nyeri, alitangaza kanisani kwamba amepata kazi.

Ile kanda iliteseka sana mikononi mwetu. Kioo kilijaa chenga, ungedhani mtu amemwaga mchele wa Wang'uru mbele ya picha. Nyuso zilikuwa na kivuli cha pili. Kisha siku moja deki, ile mashine ya kuchezea kanda, ikaila. Tulisikia mkwaruzo, picha ikajikunja, na tulipoitoa kanda, utepe wake ulikuwa umetoka nje umejikunja kama utumbo wa kuku. Mama alitaka kuutupa. Nyanya alimtazama mkazamwana wake mpaka mama akauweka chini polepole.

Fundi wa Nyeri aliiokoa. Alikata kipande kilichoharibika, akaunganisha pande mbili zilizobaki, akanirudishia na kusema kwamba hatutajua hata pa kutafuta. Tulipajua. Mama wa chai alikuwa akiosha vikombe jioni, mvua inanyesha, na papo hapo, kabla hajamaliza, gari moshi likapiga honi na ikawa asubuhi. Hatukujua kilichokatwa ni kitu gani, maana tangu mwanzo sehemu hiyo ilikuwa chenga tupu. Nyanya aliurekebisha usimulizi wake mara moja. Vikombe vikianza tu kuoshwa alikuwa anasema, "Na sasa gari moshi inakuja, sikieni," na honi inafuata.

Tukaishi hivyo miaka.

Kisha diski zikaingia. Kwanza zilikuwa hadithi za watu waliotoka Nairobi: ati kuna sahani ndogo inayong'aa, unaiweka ndani ya mashine, na picha inatoka safi kama dirisha lililooshwa. Halafu duka la jirani yetu pale Nyeri likaweka mashine hiyo kwenye kioo cha mbele, na kila saa ya chakula nilisimama hapo na sima yangu mkononi nikitazama maua ya nchi nisiyoijua. Niliweka akiba. Sitasema ilichukua muda gani, ila viatu vyangu vilijua. Siku niliyoingia kununua mashine, nilimuuliza mwenye duka, bila matumaini yoyote, kama anaijua filamu ya mama wa chai na gari moshi. Alicheka. Mama yake mzazi aliipenda. Wiki iliyofuata aliniwekea mezani diski mbili ndani ya kijaluba kimoja, maana filamu ndefu haikutosha kwenye moja, na juu yake palikuwa na picha ya yule mama. Niliitazama nikashangaa kuona alikuwa na kidoti shavuni. Miaka yote ile sikujua ana kidoti.

Nilipanda gari la kurudi nyumbani nikiwa nimekumbatia boksi, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuifananisha na siku nyingine nyingi maishani.

Jumamosi mchana nyumba ilijaa. Mama alishusha mapazia, wadogo zangu wawili wakagombania kubonyeza kitufe, jirani yetu mama Mmeru akaja na kigoda na sufuria ya uji. Nyanya alikaa mahali pake. Picha ilipotokea, watu walipiga kelele. Kulikuwa na matofali! Ukuta wa stesheni, tuliodhani ni wa udongo, ulikuwa wa matofali mekundu, na ungeweza kuyahesabu. Shangazi mwenye roho mbaya alivaa pete puani. Nyoka, aliyekuwa ametutia hofu miaka yote, alionekana wazi kwamba ni wa mpira, na wadogo zangu wakagaragara sakafuni kwa kicheko.

"Cucu, umeona nyoka?" dada yangu mdogo akauliza.

"Nimeona," nyanya akasema. "Ni mkubwa."

Aliendelea kusimulia. Shangazi anaingia, shangazi akaingia. Huyu atalia, akalia. Tukafika jioni ile ya mvua, mama wa chai akainama na kuanza kuosha vikombe.

"Na sasa gari moshi inakuja, sikieni," nyanya akasema. "Mnaona moshi ile?"

Hakukuwa na gari moshi. Mwanamke alimaliza kikombe cha kwanza, akachukua cha pili. Diski haikuwa imekatwa na fundi yeyote. Mvua iliendelea kunyesha bila muziki wowote, kisha mlangoni pa kibanda akatokea mwanaume aliyelowa chapachapa, akasimama.

"Ile pale," nyanya akasema, kidole kimenyooka kwenye kioo, usoni mwa yule mwanaume. "Behewa ya kwanza ndio hiyo."

Watu walicheka. Nyanya alikuwa mtu wa mzaha, tukadhani anatuchezea. Yeye pia alicheka kidogo kwa kutusikia tunacheka, lakini kichwa chake kiligeuka upande, sikio mbele, akingoja honi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye. Niliona macho yake yakitazama kioo, na katikati ya kila jicho kulikuwa na weupe, mdogo, kama tone la uji. Sijui ni kwa nini sikuwahi kuuona.

Mama alikuwa ameacha kucheka kabla yangu. "Maitu," akamwambia nyanya kwa upole, "hapo kwa mlango unaona nani?"

Nyanya alisogeza sikio karibu zaidi na kioo. Kwenye kioo yule mwanaume aliketi, na hakukuwa na sauti hata moja ya kumsaidia.

"Hii mashine yenu ni mpya," alisema mwishowe. "Haijazoea."

Hapo ndipo vitu vyote vilipojipanga. Kidole anachotia ukingoni mwa kikombe anapomimina chai. Jinsi anavyongoja mtu asalimu kwanza ndipo amtaje kwa jina. Malalamiko yake kwamba siku hizi mlima hautoki kabisa kwenye mawingu, nasi tunaitikia, maana Naro Moru mawingu ni ya kila siku. Na ile kanda! Sote tulikuwa tukilalamika kwamba haionekani vizuri, naye akilalamika pamoja nasi. Kanda mbovu ilikuwa imemfichia siri yake mpaka siku nilipoleta iliyo safi. Nililia jikoni, nikiwa nimejifanya naongeza kuni.

Filamu tuliitazama mpaka mwisho. Na hapa lazima niseme jambo muhimu: yule mtu wa mlangoni hakuwa mtu wa maana hata kidogo. Aliketi, akamiminiwa chai, akainywa, akashukuru kwa kichwa, akatoka kwenye mvua. Tulimngoja arudi diski yote ya pili. Hakurudi. Sijui mwenye kuitengeneza filamu alimweka wa nini.

Lakini wageni walipoondoka nyanya aliuliza, kama mtu asiyejali, "Na huyo mtu wa mlango alikuwa nani?"

Nilifungua mdomo kumwambia. Mama alinikanyaga mguu.

"Ai, Maitu," akasema, na akavuta pumzi ndefu. "Huyo mtu! Wacha tu. Hiyo ni kitu ya kujionea na macho."

Kufikia usiku uliofuata mama alikuwa ameshauliza. Muuguzi mmoja tuliyesali naye alimwambia kwamba ule ni mtoto wa jicho, kwamba hospitali ya misheni upande wa Nyeri wanaupasua, na kwamba ukiachwa nyanya atabaki gizani kabisa. Mama alimweleza nyanya neno kwa neno. Nyanya alikataa. Alikuwa amesikia habari zake kuhusu upasuaji huo.

"Wanatoa jicho yote," alisema. "Wanaosha kwa karai, wanarudisha. Sasa na kama daktari anapiga chafya?"

Tulimwambia si kweli. Akasema sisi hatujawahi kupasuliwa. Baba alikuja kutoka Sagana, akaongea naye kama mwana wa kiume, akarudi Sagana ameshindwa. Mchungaji alikuja, akapewa chai na viazi, wakaomba vizuri sana, akaondoka. Nyanya hakuwa na woga wa vitu vingi, aliwahi kumfukuza fisi kwa mwiko, lakini kisu karibu na jicho kilimtisha hasa, na mimi nilimwelewa. Usiku nilikuwa nafumba macho na kutembea chumbani kujaribu maisha yake. Nilijigonga kwenye kabati nikaogopa zaidi.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomsumbua kuliko kisu. Ni yule mtu wa mlangoni.

Mama alitukusanya nyuma ya ghala la mahindi, pamoja na mama Mmeru, akatuapisha. Yeyote atakayeulizwa na nyanya kuhusu yule mtu asitoe uongo hata mmoja, maana yeye mama ni mwanakwaya. Aseme tu "Ai, cucu!" atikise kichwa, aondoke. Basi. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyanya alimwita dada yangu mdogo, akampa muwa mzima uliomenywa.

"Huyo mtu alikuwa mzee ama kijana?"

"Ai, cucu!" dada akasema huku anatafuna, akatikisa kichwa na kwenda zake.

Alimwendea mama Mmeru na kikapu cha kabichi. Mama Mmeru alipokea kabichi, akaguna kwa huzuni, akasema yeye alikuwa hajalala vizuri tangu amwone yule mtu. Huo ulikuwa uongo, lakini yeye hakuwa mwanakwaya wa kanisa letu. Habari ikaenea kando ya barabara. Wanawake waliokuwa hawajaiona filamu kabisa walimwambia nyanya sokoni kwamba wamesikia kuhusu yule mtu, na pole. Mchana mmoja tulimkuta amemwita kijana mpagazi wa mlimani, ameketi naye mbele ya mashine, anataka amwashie na kumwambia kila anachokiona. Kijana huyo aliweza kubeba mizigo ya wazungu mpaka kwenye barafu, lakini mashine ilimshinda. Isitoshe diski ya kwanza haikuwamo. Mama aliitia ndani ya mkoba wake na kwenda nayo kila mahali, shambani, kisimani, kanisani. Aliimba kwaya diski ikiwa begani.

Nyanya aliacha kusimulia hadithi. Hilo ndilo lililoniuma. Watoto walimwomba awaambie ile ya mama wa chai bila mashine, kwa mdomo tu, naye akasema hawezi kusimulia kitu chenye shimo katikati. Nikaanza kufikiri tumemtesa bure, kwamba atabaki hana macho na hana hadithi, na kosa litakuwa la sahani niliyoibeba kwa furaha kutoka Nyeri.

Jumapili moja tulikuwa wawili, tunachambua maharagwe uani. Yeye alichambua kwa vidole, upesi kuliko mimi.

"Jina langu," akaniita.

"Naam, cucu."

"Wewe ni mimi, ama si wewe ni mimi?"

"Mimi ni wewe."

"Basi kitu wewe umeona, mimi nimeona. Si ndio?"

"Ndio."

"Sasa niambie," akasema, akaniinamia, "hapo kwa mlango, niliona nani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Lile swali lilikuwa la haki kabisa. Kwa desturi yetu alikuwa na haki ya kuuliza hivyo, na mimi nilikuwa na deni la kujibu. Niliokota haragwe bovu nikalitupa. Halafu wazo likanijia kwa ghafla hata nikaliacha lidondoke kabla sijalipima.

"Cucu, kama mimi ni wewe, basi mdomo yangu ni yako."

"Ni yangu."

"Na nikisema ndio, ni wewe umesema ndio."

Alianza kushuku. "Unasema ndio kwa nani?"

"Kwa daktari. Nimeshasema. Mimi nimekubali nipasuliwe jicho. Sasa tunaenda lini?"

Kuku alipita katikati yetu akachukua haragwe. Nyanya aligeuza uso kuelekea kwangu na kunitafuta, na midomo yake ikaanza kutetemeka pembeni. Nilidhani nimemkosea adabu. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka ungo ukamwagika, akanipiga gotini kwa kofi, akasema, "Wewe ni mjanja mbaya! Umetoa wapi hiyo ujanja?"

"Kwako," nikamwambia.

"Kwangu," akakubali, na akajifuta machozi kwa pindo la shuka. Kisha akashika mkono wangu kwa nguvu. "Lakini mtu akipiga chafya, utaniambia."

Hospitalini nilikaa nje kwenye benchi, maana hakuna aliyekubali hoja kwamba mimi ni yeye. Hakuna aliyepiga chafya. Walianza na jicho la kulia, wakalifunika kwa kitambaa, akalala hapo na kuwasimulia wagonjwa wenzake kuhusu mama wa chai mpaka alipofika kwenye mvua, akakatiza. Siku ya kufunguliwa mama na mimi tulisimama upande mmoja wa kitanda tumeshikana. Daktari aliondoa kitambaa polepole, akamwambia afungue jicho.

Nyanya alifungua. Alipepesa. Alimtazama daktari juu mpaka chini.

"Wewe ndio ulinipasua?"

"Ndio, shosho."

"Lakini wewe ni mtoto!" akasema kwa hasira ya kweli. "Ningejua ni mtoto ningekataa!"

Mama aliketi sakafuni. Daktari alicheka mpaka wauguzi wakaja kuona kuna nini, na mimi nikamkumbatia nyanya kwa namna ambayo muuguzi mkuu aliikemea.

Tulidhani tukifika nyumbani ataitaka filamu kabla hajavua koti. Tulikosea. Nyanya alisimama mlangoni mwa nyumba yake, akatazama ndani, akashika kichwa.

"Mmekuwa mkiishi hivi?"

Aliona utando wa buibui kwenye boriti. Aliona masizi ya sufuria na mafuta ukutani nyuma ya jiko. Aliona kwamba pazia alilolijua kuwa jeupe lilikuwa la rangi ya chai. Mama alijaribu kueleza, hakupewa nafasi. Tulisugua. Tulisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni ya mche, wadogo zangu juu ya meza na ufagio, nyanya katikati anaelekeza kwa kidole, jicho moja limefunguliwa na halikosi kitu. Mama Mmeru alipokuja kumpa pole alipewa kitambaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu vile nikiwa na furaha vile, na mama alikuwa anaimba.

Kadiri nyumba ilivyozidi kung'aa ndivyo mama na mimi tulivyozidi kuogopa. Kwa sababu sasa filamu ilikuwa inakuja, na ndani yake palikuwa na mtu ambaye hakuwa chochote.

"Akikasirika, nitasema ni wewe," mama aliniambia.

"Ni wewe ulinikanyaga mguu."

"Kuna ushahidi?"

Jumapili baada ya kanisa mama alifungua mkoba na kutoa diski ya kwanza. Majirani walijaa mpaka dirishani, maana yule mtu alikuwa ameshakuwa maarufu. Nyanya aliketi. Hakusimulia. Alishangaa matofali, alimcheka nyoka, alisema pete ya shangazi haimfai. Alipouona uso wa mama wa chai karibu alisema polepole kwamba hakujua ni kijana vile, kwamba miaka hiyo yote alimdhani mwanamke wa umri wake. Mimi sikuwa natazama kioo. Nilikuwa nahesabu nyimbo zilizobaki.

Jioni ya filamu ikaingia, mvua ikaanza, vikombe vikaoshwa. Mwanaume akatokea mlangoni.

"Ni huyu?" nyanya akauliza.

"Ni huyu," nikasema.

Alisogeza kigoda mpaka karibu pua iguse kioo. Mwanaume aliketi, akamiminiwa chai, akainywa, akashukuru kwa kichwa, akatoka. Gari moshi likapiga honi. Nilisimamisha picha.

"Halafu anarudi lini?"

Mama alikuwa anakunja na kukunjua pindo la leso yake.

"Harudi, Maitu," alisema mwishowe. "Ni hiyo tu."

"Ni hiyo tu."

"Ndio."

Nyanya aligeuka. Alitutazama mmoja mmoja: mama, wadogo zangu, mama Mmeru aliyejifanya anatafuta kitu kwenye kikapu, na mimi. Alichukua muda wake. Hatukuwa tumezoea kutazamwa naye hivyo, kila mmoja akajikuta amekaa wima.

"Mmenipeleka kwa kisu," alisema, "nikuje nione mtu akikunywa chai."

Dada yangu mdogo alianza kulia. Nyanya alikuwa ameshageukia kioo tena.

"Jina langu, rudisha hapo."

Nilirudisha. Mwanaume akaketi tena, akamiminiwa. Nyanya alinyoosha kidole, na safari hii kidole kilikwenda moja kwa moja mahali pake, juu kidogo ya kikombe.

"Ngoja. Hiyo ni nini inapanda?"

Tuliinama sote. Sisi wenye macho mazima tulikuwa tumeiona sehemu hiyo mara nyingi na hatukuwa tumeona kitu. Juu ya kile kikombe kidogo, mbele ya shati lililolowa, kulikuwa na mvuke. Ulikuwa mwembamba sana. Ulipanda, ukapinda, ukampita yule mtu usoni, naye akaupuliza.

"Chai ni moto," nyanya akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mnaona? Iko moto. Naona moshi ya chai."

Mama aliweka mkono begani mwake.

"Rudisha tena," nyanya akaniambia. Nikarudisha.